Jinsi ya kupanga na kutathmini huduma za kaunti kwa watu wazima wanaohitaji matunzo

Mwongozo huu ni kwa afisa wa maendeleo ya jamii, msimamizi wa wadi, mhudumu wa afya au mwanachama wa kikundi cha kijamii katika mojawapo ya kaunti 47 za Kenya ambaye ametakiwa aandae mpango wa kuwahudumia wazee, watu wenye ulemavu, wenye maradhi ya akili na watu wengine wazima wasioweza kupitisha siku bila msaada wa mtu. Unafuata mwaka wa fedha wa kaunti, unaoanza Julai mosi na kumalizika Juni 30, kwa sababu mpango usiofuata kalenda hiyo huishia kabatini. Unashikilia pia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: anayehitaji huduma hizi kuliko wote ndiye asiyeweza kufika barazani, kwa chifu wala kwenye dirisha la malipo, na kila njia ya kuhesabu, kupanga au kupima inayomsubiri aje mwenyewe itamwacha nje.

Kabla ya yote, liweke kando neno "wasiojiweza", ingawa limezoeleka katika hotuba na matangazo ya harambee. Mwalimu asiyeona anajiweza, na mshona viatu anayetumia kiti cha magurudumu anajiweza. Wanachokosa ni njia ya kupita, karani anayejua kuwahudumia na, kwa baadhi yao, mtu wa kuwasaidia saa mbili kwa siku. Mpango ulioandikwa kwa lugha ya huruma huzaa blanketi na unga wa siku moja.

Hatua ya 1: Jua kazi ipi ni ya kaunti na ipi si yake

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii katika Ibara ya 43, na Ibara ya 57 inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima, bila dhuluma, na wanapata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali yenyewe. Mzee, kwa maana ya Ibara ya 260, ni aliyetimiza miaka 60. Hata hivyo Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, linazipa kaunti huduma za afya na kazi ya kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala, lakini halizitajii kwa jina kazi ya kuwalipa wazee posho. Kazi hiyo inafanywa na serikali ya kitaifa kupitia Inua Jamii, ambayo huwapa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, pamoja na kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa na zile zinazolea mayatima. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zina pia mpango wa kitaifa wa kukabiliana na njaa unaotoa pesa taslimu.

Kutokana na mgawanyo huo yanajitokeza mambo mawili. Kwanza, kuna pengo la miaka kumi kati ya mzee anayetambuliwa na Katiba na mzee anayetambuliwa na posho, na ndani ya pengo hilo kuna wakulima, wavuvi na makuli ambao miili yao imechoka mapema kuliko ya watu waliofanya kazi mezani. Pili, shilingi 2,000 haziogeshi mtu, hazimgeuzi kitandani wala hazimbebi hadi kwenye gari. Kaunti inayoanzisha posho yake ndogo kando ya Inua Jamii huwa inarudia kazi ya mwingine na kuiacha yake. Anza na yale ambayo pesa haiwezi kuyafanya peke yake: kumfikia mtu nyumbani, kumsindikiza kliniki na kwenye malipo, kumfuatilia kitambulisho kilichopotea, kumwandikisha kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kumpumzisha anayemtunza.

Kaa na afisa wa maendeleo ya jamii wa serikali ya kitaifa aliye katika kaunti ndogo yako, kisha mwandike makubaliano. Ibara ya 189 inazitaka ngazi hizi mbili zishirikiane, na karatasi yenye sahihi mbili husaidia pale mmoja wenu anapohamishwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katikati ya mwaka.

Hatua ya 2: Hesabu watu mlango kwa mlango

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na takriban milioni 2.7 kati yao walikuwa na miaka 60 na zaidi. Ukizigawa hesabu hizo kwa wadi 1,450 za nchi nzima, wadi ya wastani ina watu kama 32,800 na wazee wapatao 1,900. Hizo ni namba za kuanzia tu. Wadi za mijini huwa na vijana wengi, na za mashambani, ambako vijana wamehama, huwa na wazee kupita wastani.

Kuhusu ulemavu, zisome takwimu kwa makini. Sensa ya 2009 ilionyesha asilimia 3.5 na ya 2019 ikaonyesha asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi, na wapo waliofurahi kana kwamba watu wamepona. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuuliza. Sensa ya 2019 ilitumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za ulemavu, ambayo hayataji neno ulemavu hata mara moja: humuuliza mtu kama anapata ugumu kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, na kuwasiliana na wengine. Majibu ni manne, kuanzia "sina ugumu" hadi "siwezi kabisa", na anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni aliyesema ana ugumu mwingi au hawezi kabisa katika jambo mojawapo. Tumia maswali hayohayo ili takwimu zako ziweze kulinganishwa na za taifa, kisha ongeza mengine sita kuhusu kazi za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kutoka kitandani, kuzuia haja na kula. Kwa kila moja uliza kama mtu anaifanya mwenyewe, kwa msaada, au hafanyi kwa sababu hakuna wa kumsaidia. Jibu hilo la tatu ndilo utakalolihitaji baadaye kuliko yote, kwa hiyo usikubali dodoso linaloliunganisha na la pili.

Watu wa kufanya kazi hii wapo tayari. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa upya kwa idadi kubwa mwaka 2023, huangalia nyumba kama 100 kila mmoja na huwa wanajua ni mlango upi haufunguliwi. Walipe kwa kazi ya ziada. Orodha ya chifu na ya mzee wa mtaa itumike kusahihisha yao, isiwe msingi, kwani orodha ya baraza huwa na majina ya wanaokuja barazani.

Wapo watu ambao hata mlango kwa mlango hutawapata. Wapangaji wa chumba kimoja mjini ambao mwenye nyumba hajui kwao ni wapi. Mtu mwenye maradhi ya akili aliyefungiwa chumba cha nyuma, ambaye familia itasema yuko safarini. Katika Kilifi na Kwale, wazee waliokimbia boma zao baada ya kusingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa wanaoitaka ardhi yao. Mzee kama huyo hayumo tena katika nyumba aliyoandikishwa, na anaweza kuwa kwa mtoto wa kike aliyeolewa mbali au katika kimbilio kama Kaya Godoma huko Ganze. Kwa ajili yao tenga siku za kuzungumza na wauguzi wa zahanati, maimamu, wachungaji, walimu wa shule za msingi na wenye maduka. Mwenye duka anajua ni mtoto gani huja kununua dawa ya maumivu kila Jumatatu asubuhi wakati wenzake wako darasani.

Majibu unayokusanya ni ya afya na ya familia za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu kuwa nyeti. Omba ridhaa kwa lugha anayoielewa mhusika, weka majina mbali na majibu, wala usibandike orodha kwenye ubao wa ofisi ya wadi ili "watu wajionee." Mzee anayejulikana kupokea pesa na kulala peke yake amewekwa hatarini na ubao huo.

Hatua ya 3: Chagua mambo machache, na uyaandike kama siku ya mtu

Ukiwa na hesabu yako, rudi kwa watu ishirini au thelathini waliohesabiwa, huko huko nyumbani kwao, uwaulize ni saa gani ya siku iliyo ngumu zaidi. Wengi hawatakuambia habari ya chakula cha msaada. Watakuambia kuhusu usiku wa kwenda chooni, siku ya kliniki, na saa za mchana ambapo mkaza mwana ameenda shambani. Kwa hiyo lengo la mpango liandikwe kama badiliko katika siku hiyo: "Ifikapo Juni, mtu yeyote katika wadi hizi tatu anayehitaji msaada wa kuoga asikose kuoga zaidi ya siku mbili mfululizo." Lengo la "kuboresha ustawi wa makundi maalumu" haliwezi kutimizwa wala kushindwa, na ndiyo maana hupendwa.

Huduma tatu zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya mikono kabla ya hesabu ya shilingi

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Tuseme wadi ina watu 54 wanaohitaji kutembelewa nyumbani mara mbili kwa wiki. Ziara moja huchukua saa moja, na mwendo kutoka nyumba hadi nyumba ni dakika 45 kwa miguu. Mhudumu mmoja atafika nyumba nne kwa siku, yaani ishirini kwa wiki. Ukiondoa nusu siku ya taarifa na kikao, zinabaki ziara 18, nazo zinatosha watu tisa. Watu 54 wanahitaji wahudumu sita, na wa saba wa kushika nafasi ya aliye likizoni au mgonjwa. Ukiajiri watatu, hutakuwa umewahudumia watu wote kwa nusu. Utakuwa umewahudumia walio karibu na barabara.

Baada ya hapo ndipo uweke shilingi: mshahara au posho, michango ya mwajiri, glavu, sabuni, nauli, muda wa maongezi wa simu, mafunzo ya kumwinua mtu bila kujiumiza mgongo, na msimamizi mmoja anayewatembelea wahudumu wakiwa kazini. Gawanya jumla kwa idadi ya ziara ili upate gharama ya ziara moja. Namba hiyo utaulizwa na kamati ya bajeti, na utaihitaji tena wakati wa tathmini.

Sasa utakutana na ugumu ambao haukusababishwa nawe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, kiwango ambacho kaunti nyingi tayari zimekivuka. Matunzo ya binadamu ni mishahara karibu yote, ilhali "maendeleo" katika vitabu vya bajeti ni kuta na mabati. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: kituo cha wazee kilichofunguliwa kwa utepe na picha, chenye vitanda na tangi la maji, ambacho baada ya miaka miwili kinahifadhi mifuko ya mbolea kwa kuwa hakikuwahi kuwa na kifungu cha fedha za wafanyakazi. Mwanasiasa hana ukuta wa kuandika jina lake kwenye ziara ya nyumbani, na ni vyema ulijue hilo mapema badala ya kulishangaa.

Njia za kupita zipo. Kaunti inaweza kuingia mkataba na kikundi cha kijamii kilichosajiliwa ili kitoe huduma, na malipo yakahesabiwa kuwa ununuzi wa huduma. Inaweza kuiweka kazi hii chini ya idara ya afya, ambako utaratibu wa posho za wahudumu wa afya ya jamii upo tayari. Na inaweza kukarabati zahanati iliyopo kwa fedha za maendeleo ili iwe na njia ya kiti cha magurudumu na choo kinachofaa, badala ya kujenga jengo jipya. Iwapo jengo halina budi, usikubali liingie kwenye mpango bila ukurasa unaoonyesha gharama za kuliendesha kwa miaka mitano.

Hatua ya 5: Ingia kwenye kalenda

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu fedha za umma zitengwe nje ya mfumo wa mipango, kwa hiyo huduma yako lazima ionekane kwanza katika mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Karibu kila kaunti ina aya humo kuhusu wazee na ulemavu; itafute, uinukuu, ujishikize hapo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba mosi, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Atakayesubiri vikao vya umma vya Mei atakuta vikapu vimeshagawanywa.

Kuna kiti kimoja ambacho wengi hawakijui. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, likiongozwa na gavana, na kinataka wajumbe wake wawemo wawakilishi wa watu wenye ulemavu na wa wazee. Uliza ni nani aliyekalia viti hivyo katika kaunti yako. Ukimpata, mpelekee hesabu ya Hatua ya 4 katika ukurasa mmoja. Ukiambiwa jukwaa halijakutana mwaka huu, andika barua rasmi ya kuuliza litakutana lini, nakala kwa karani wa bunge la kaunti.

Hatua ya 6: Weka kinga kabla ya ziara ya kwanza

Unakaribia kuwatuma watu wageni waingie vyumbani mwa watu wasioweza kukimbia. Kila mhudumu awe na wadhamini wawili wanaofahamika na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Asishike kadi ya benki, simu wala namba ya siri ya anayemhudumia. Na asiwe ndiye pekee anayemwona. Namba ya malalamiko isiwe ya msimamizi wake. Kwa asiyeweza kupiga simu, msimamizi afike mara moja kwa mwezi bila taarifa na azungumze naye bila jamaa wala mhudumu kuwapo.

Dhuluma nyingi, hata hivyo, hazitatoka kwa mhudumu. Zitatoka ndani ya nyumba, na baadhi yake kwa mtu aliyechoka kuliko mbaya. Binti aliyemtunza mama yake miaka sita bila kulala usiku mzima anahitaji kwanza mtu wa kumpokea kazi kwa siku mbili. Kipigo, unyang'anyi wa ardhi na ubakaji ni habari nyingine: hizo ni za polisi siku hiyohiyo, na wahudumu waelezwe wazi kwamba hazisuluhishwi na wazee wa ukoo chini ya mti.

Hatua ya 7: Pima kinachopimika kwa haki

Taarifa za robo mwaka hupenda kuhesabu: mikutano iliyofanyika, vifurushi vilivyogawiwa, watu waliofunzwa. Zihesabu, kwa kuwa zinahitajika katika ufuatiliaji, lakini usiziite matokeo.

Kosa la pili ni la hila zaidi, nalo hufanywa na watu makini. Wanapima kama mtu anaweza kuoga au kutembea mwenyewe, kisha baada ya mwaka wanapima tena, na wanakuta hali imeshuka. Mtu wa miaka 84 atakuwa na 85, na magoti yake hayatarudi nyuma kwa sababu kaunti imeajiri. Huduma nzuri kabisa inaweza kuonekana imeshindwa kwa kipimo hicho. Ndiyo sababu ya kulilinda lile jibu la tatu la Hatua ya 2. Pima hitaji lisilotimizwa: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulikosa kuoga, kula au kubadilishwa nguo kwa sababu hapakuwa na mtu? Hili linaweza kupungua hata mwili unapodhoofika. Pima na upande wa mtunzaji: alilala saa ngapi, aliacha kazi siku ngapi, na ni mtoto gani aliyekosa shule ili abaki na bibi.

Chukua vipimo vya kwanza kabla huduma haijaanza, na vya pili mwezi uleule wa mwaka unaofuata. Ukipima Oktoba kabla ya mvua, kisha Mei wakati barabara zimekatika, utakuwa umepima matope. Ikiwa fedha hazitoshi wadi zote, na kwa kawaida hazitoshi, chagua wadi za kuanza kwa kura ya wazi kati ya zile zenye uhitaji unaokaribiana. Zinazosubiri zitakuonyesha nini kingetokea bila huduma, na kura itakuepusha na lawama kwamba wadi ya fulani imependelewa.

Sampuli itoke katika orodha ya wote waliohesabiwa, pamoja na waliokataa, walioachwa na waliohama. Kwa waliofariki, zungumza na familia baada ya muda wa msiba, kwani wiki za mwisho za mtu ndizo zinazoijaribu huduma kwa ukali zaidi. Anayehoji asiwe mtoa huduma wala jirani yake, maana hakuna bibi atakayemwambia kijana aliyemletea sabuni kwamba huwa anachelewa. Dodoso liandikwe kabisa kwa Kigiriama, Kiturkana au lugha yoyote ya eneo hilo, badala ya kila mhoji kulitafsiri mlangoni kwa namna yake, na mkalimani wa lugha ya ishara alipwe kama wahoji wengine. Jamaa anapojibu kwa niaba ya mtu, weka alama pembeni. Majibu hayo yachambuliwe peke yake.

Hatua ya 8: Fikisha matokeo mahali yanapoweza kubadili kitu

Tathmini inayokamilika Novemba imekosa mwaka. Panga kazi ya nyanjani iishe Juni, uchambuzi Julai, na ukurasa wa matokeo uwe mikononi mwa waandaaji wa mpango wa mwaka wiki mbili kabla ya Septemba mosi. Ukurasa huo uwe na mambo manne: hitaji lisilotimizwa lilikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani, katika wadi zilizoanza na zilizosubiri, ni nani hakufikiwa na kwa nini, gharama ya ziara moja ikilinganishwa na iliyokadiriwa, na unapendekeza kitu gani kiachwe. Pendekezo la kuacha ndilo linaloifanya kamati iyaamini mengine.

Kisha warudie wale ishirini au thelathini wa Hatua ya 3, nyumba kwa nyumba, uwasomee ulichoandika. Beba kalamu. Watakaokuambia umekosea wapi wawekwe katika taarifa kwa maneno yao, bila majina yao.